Kambi ya watoto Kisarawe: pulizia mahema, si uwanja

Ndugu muulizaji, umeandika kwamba kigango chenu kinawapeleka watoto wa kipaimara kambini Kisarawe mara masika yatakapokatika, kwamba umekwisha kununua lita moja ya dawa ya wadudu kwa mchuuzi, na unataka kujua kama uipulize uwanjani siku moja kabla au asubuhi ile ile ya kufika. Kazi yangu ni kupulizia dawa majumbani na kwenye maghala hapa Dar es Salaam, na vijana wa parokia yetu wanapokwenda kambini suala la wadudu huangukia kwangu, kwa hiyo nimeliona kwa pande zote mbili. Uwanja usiupulize hata kidogo, na lita hiyo usiende nayo.

Nianze na lita yenyewe. Umesema imo katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na kibandiko, na kwamba muuzaji alikuhakikishia inaua kila kitu. Sote tumewazoea wachuuzi wanaopita mitaani na vipaza sauti wakitangaza dawa ya kunguni, mende, viroboto na panya kwa pumzi moja, na mara nyingi nilichokikuta katika chupa za namna hiyo ni dawa ya shambani iliyomiminwa kutoka dumu kubwa. Ndani yaweza kuwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa binadamu ina afadhali, au ya jamii ya oganofosfeti, ambayo hupenya kwenye ngozi na kuvuruga mishipa ya fahamu. Usipojua ni ipi, hujui uchanganye kiasi gani, usubiri muda gani kabla watu hawajaingia, wala daktari hatajua aanzie wapi. Chombo halali hubeba jina la kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe inayoua wadudu, namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na ukanda wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na kijani kwa zilizo nafuu. Hiyo yako usiimwage mtaroni, kwa sababu mitaro yetu huishia mto Msimbazi na baharini. Iandike SUMU, ifungie mahali watoto wasipofika, na umwone afisa kilimo wa manispaa akuelekeze pa kuikabidhi.

Ama kuhusu uwanja, mbu atakayewauma watoto saa nne usiku hakai kwenye nyasi ulizozipulizia mchana. Atatoka kwenye madimbwi na vichaka vya pembeni, na akitafuta damu huruka mamia ya mita bila shida. Utakachokuwa umekiua ni nyuki na wadudu wengine wasio na kosa, na mvua ikinyesha dawa itateremka hadi kijitoni, ambako pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Isitoshe, watoto watakalia nyasi hizo hizo peku na kula wali kwa mikono. Na kama kambi yenu iko ndani ya hifadhi ya msitu, iwe Pugu au Kazimzumbwi, kupulizia chochote si hiari yako, bali ni jambo la kuwauliza wasimamizi wa hifadhi kwanza.

Mahali pa dawa kambini ni kwenye kitambaa. Tafuta permethrini, mojawapo ya pairethroidi, ya asilimia 0.5 iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya nguo na mahema, uipulize upande wa nje wa hema, kwenye soksi, suruali na kofia, kisha uache vitu hivyo vining'inie kivulini, mahali penye hewa, kwa saa mbili hadi nne mpaka vikauke kabisa. Fanya hivyo nyumbani siku chache kabla ya safari. Ikikauka hushikana na nyuzi, hudumu wiki kadhaa, na mvaaji hapati madhara. Ikiwa bado mbichi ni hatari kubwa kwa paka, kwa hiyo wafungie wa parokiani mpaka kazi iishe. Permethrini haipakwi mwilini. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki na shuleni vimekwisha kutiwa dawa kiwandani, na kuvipulizia tena ni kupoteza fedha.

Kwa ngozi kuna DEET, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, ya asilimia 20 hadi 30, na mtu mzima ndiye ampake mtoto, akiepuka macho, mdomo, vidonda na viganja, maana viganja huishia mdomoni. Msisubiri magharibi ndipo mpake: mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana. Jioni kabla ya kulala watoto waoge kwa sabuni, kisha waingie ndani ya chandarua. Jihadhari pia na miwani na saa za plastiki, kwa sababu DEET huziharibu.

Siafu ni habari nyingine, na ndio waliowahi kutuhamisha usiku. Ukipulizia katikati ya msafara wao, hawarudi nyuma. Hutawanyika kila upande na kuingia mahemani kwa hasira. Kagua ardhi kabla ya kusimamisha hema, hasa ardhi yenye unyevu chini ya miti, na ukiona njia yao hamisha hema, si siafu. Majivu makavu yakimwagwa mzunguko mzima huwachelewesha, na kwangu yamefaa kuliko dawa yoyote ya kopo. Mafuta ya taa ambayo wengine hushauri huchafua udongo na kukaribisha moto. Kujikinga na kupe kunahitaji tu nyasi fupi, turubai la kukalia, na ukaguzi wa miili jioni. Ukimkuta, mvute taratibu kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila kumchoma kwa kiberiti.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mzunguko, isiwashwe ndani ya hema kamwe. Moshi wake unaumiza mapafu, na kaa lake likigusa kitambaa cha nailoni hamtakuwa na muda wa kufungua zipu. Kopo la kupulizia nalo lina gesi inayoshika moto, hivyo likae mbali na jiko la mkaa na koroboi.

Anayepulizia mahema avae glavu za mpira, nguo ya mikono mirefu na barakoa, apulize asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaanza, akiupa upepo mgongo, na asile wala kuvuta sigara mpaka amenawa. Kipimo ni cha kibandiko, hakizidishwi kwa kubahatisha. Chombo kikiisha, kama si kopo la gesi, kitobolewe, kwa sababu wakusanyaji wa chupa watakiokota, na kinaweza kurudi sokoni kimejaa juisi.

Mtu akimwagikiwa, mvue nguo mara moja na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa. Aliyemeza asitapishwe, kwa kuwa dawa nyingi huyeyushwa katika mafuta na akipaliwa nazo huingia mapafuni, wala asinyweshwe maziwa, ambayo hayaondoi sumu hata kama bibi zetu walisisitiza. Ukiona mate yakimtoka kwa wingi, jasho, machozi, mboni kusinyaa, misuli kutetemeka au pumzi kuwa nzito, usingoje kuona kama itapita: gari liondoke wakati huo huo kwenda hospitali, na chombo chenye kibandiko kipelekwe pamoja na mgonjwa.