Kupanda njia ya Chunya kwa baiskeli ya mtumba

Mdogo wangu, umeuliza kama baiskeli yako ya mtumba yenye gia itafaa Jumamosi hii kutoka Mbeya mjini kupanda mlima, njia ya Chunya. Kupanda utapanda, hata ukimalizia kwa kusukuma. Mimi naogopa kushuka.

Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na lami ile inapita mita 2,000. Mara ya kwanza nilishuka nimekamata breki bila kuachia. Nilipogusa rimu niliunguza vidole, na raba za breki zilikuwa zinang'aa kama kioo. Basi bana, achia, bana, achia, zote mbili, tena kabla ya kona, si ndani yake. Leo hiihii minya mkono wa breki: ukigusa usukani, kaza waya. Raba zikiisha, nunua mpya, si ghali.

Beba tyubu, pampu, viraka na koti. Usicheke koti! Ukifika juu umelowa jasho, halafu ushuke na upepo ule wa Juni, meno yatagongana.

Ukitaka vumbi badala ya lami, punguza upepo kidogo kwenye matairi, yatashika vizuri zaidi. Masika achana nalo, tope linaziba mpaka gurudumu haligeuki.

Barabara kuu ya Tunduma usiizoee. Malori ni mengi mno, na bega la barabara si la kulitegemea.