Hayasinti yako haitaki mbolea, inataka baridi

Nikisikia mtu analalamika hayasinti yake (lile ua la bustani linaloota kutoka kwenye kitunguu chake cha chini ya udongo, siyo kitunguu cha kula) imetoa majani tu, au ua limekwama huko chini katikati ya majani na halipandi, siulizi kaweka mbolea gani, nauliza hicho kitunguu kilikaa kwenye baridi wiki ngapi? Wengi hapo ndo wananyamaza.

Iko hivi. Ukikipasua kitunguu cha hayasinti katikati unakuta ua dogo limeshajipanga mle ndani, lilitengenezwa tangu msimu uliopita, kwa hiyo mbolea yako haiongezi chochote cha maana hapo, kinachotakiwa ni kuliamsha na kinacholiamsha ni baridi ya muda mrefu. Asili yake ni pande za Uturuki, Syria na Lebanoni, kunakuwa na baridi kweli halafu kiangazi kikavu, ndo maisha iliyozoea. Kama unapoishi kuna majira ya baridi basi wewe panda kabla hayajaanza, ardhi itamaliza kazi yenyewe. Kama hakuna, tumia friji, wiki 10 hadi 14, nyuzi joto 4 mpaka 9 hivi, na siyo friza jamani, friza inaua. Au muulize anayekuuzia kama vimeshapitishwa kwenye baridi, wengine wanauza tayari.

Sasa kwenye friji kuna kitu hakisemwi sana: toa matunda! Matofaa na ndizi zikiiva zinatoa gesi inayoharibu lile ua changa humo ndani, halafu kitunguu kwa nje kinaonekana kizima kabisa, unakuja kupanda unapata majani matupu na unaanza kulaumu udongo. Mi naviweka kwenye mfuko wa karatasi, siyo nailoni maana vinatoa jasho na kuota ukungu. Na vaa glavu ukivishika, yale maganda yanawasha balaa, hasa ukijisahau ukajikuna shingo.

Kupanda siyo kazi. Sentimita 10 hadi 15 kwenda chini, ncha ikiangalia juu, nafasi ya kama 8 kati ya kimoja na kingine, mahali penye jua. Udongo lazima upitishe maji, ukiwa mfinyanzi changanya mchanga na mboji au inua tuta, kwa sababu maji yakituama kitunguu kinaoza, na kikishaoza hakuna dawa. Kwenye chungu unaweza kuacha ncha zichungulie juu ya udongo. Likianza kuchipua usilikimbize kwenye joto kali, litachanua haraka na kuisha haraka, sehemu yenye ubaridi kidogo ua linadumu.

Halafu hii tamaa ya vitunguu vikubwa. Vinatoa ua zito linalojaa kweli, mvua moja tu limelala chini, labda ufunge kwenye kijiti. Kwa bustani ya nje mi nachukua vya kati.

Wenye mbwa na paka muwe makini, kitunguu chake kina sumu na mbwa kwa kufukua ndo wenyewe. (Na hii haina undugu na gugu maji, hata kama Kiingereza wanaliita "water hyacinth", mtu asije akaogopa itamjazia uwanja.)

Ua likinyauka kata bua lake tu, majani yaache mpaka yawe ya njano yenyewe hata kama yanaudhi macho, hayo ndo yanajaza kitunguu chakula cha mwaka unaofuata, na hapo ndo ukitaka kuweka mbolea kidogo inaeleweka. Mwaka wa pili ua linakuwa jembamba, vile viua vidogo kama vikengele vimeachana achana, ni kawaida yake, mi binafsi nalipenda zaidi hivyo kuliko lile la mwanzo lililoshonana. Ila kile kitunguu ulichochanulisha kwenye glasi ya maji bila udongo usikitegemee, kimeshajimaliza, kitupe kwenye mboji ununue kingine.