Shangazi, nianzie wapi? Majibu kuhusu kujifunza kitu kipya moyo ukiwa mzito

Shangazi, mume wangu alifariki mwaka jana. Wageni wameacha kuja, na jioni ni ndefu mno. Jirani ananihimiza nijifunze kusuka mikeka, lakini mikono yangu haina ufundi. Itanisaidia kweli? (Mjane, Arua)

Pole sana, mwanangu. Nenda kwa huyo jirani. Mimi nilifiwa nikiwa Masaka, na aliyenitoa kitandani ni mama wa nyumba ya pili. Aliniwekea mapajani fungu la ensansa, yaani ukindu, akaniambia nikae. Unachana majani yawe chane nyembamba, unazilowesha kidogo zisikatike, kisha unazipishanisha: juu, chini, juu. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya ng'ombe. Aliufumua bila kunigombeza, tukaanza upya. Siku ya nne nilijikuta nahesabu chane, na saa nzima ilikuwa imepita bila machozi. Huzuni ilikuwa palepale, lakini asubuhi nilikuwa na sababu ya kuamka, maana ukili ulikuwa haujaisha.

Ila usibebe ukindu ukajifungie nao chumbani. Kaa barazani kwa jirani, hata siku ambayo huna neno la kusema. Nusu ya dawa ni yeye.

Mimi naendesha boda boda Kampala. Shule niliishia darasa la sita. Siku hizi naona kichwa kimekufa kabisa. Ubongo wa mtu mzima bado unashika kitu?

Unashika, kaka. Madereva wa teksi wa London hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha bongo zao, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka njia, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Baadaye wakawafuatilia wanaosomea udereva huo wa teksi tangu mwanzo wa masomo: waliofaulu, sehemu hiyo iliongezeka. Hao walikuwa watu wazima kama wewe, na wewe unazijua njia za mkato za Katwe na Kisenyi bila ramani. Kichwa chako kimechoshwa na foleni na mahesabu ya jioni, hakijafa. Mwombe fundi wa steji yako akuonyeshe kusafisha kabureta. Wiki ijayo, plagi. Utaona raha ya kusikia injini ikiwaka kwa mkono wako mwenyewe.

Nina miaka 67, niko Jinja. Natamani kupiga adungu. Watoto wanasema umri umenipita.

Shikamoo mzee wangu. Ng'ombe hazeeki maini. Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akakaa na watoto wadogo na sare yake. Adungu ni kinubi cha Waalur, basi mtafute Mualur mmoja hapo mjini akufundishe. Mjukuu mmoja naye aje, ashike nyuzi pamoja nawe.

Naanza, naacha. Cherehani, kompyuta, gitaa. Nina kasoro gani?

Huna kasoro, mdogo wangu. Ulikuwa unajifunza peke yako. Chagua kimoja chenye mtu anayekungoja siku na saa maalumu.

Shangazi, nimejaribu kila kitu. Hii ni wiki ya saba silali, chakula hakipiti, na kuna usiku naona heri nisingekuwepo. Nijifunze nini?

Usijifunze chochote kwanza, dada yangu. Hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ipo Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Hapa kwetu, vijijini Masaka na Rakai, watu wenye hali kama yako walikutana kwa vikundi kila wiki, wiki 16, wakizungumza wakiongozwa na mtu aliyefunzwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa na vikundi.

Leo hii mwambie mtu mmoja maneno yaleyale uliyoniandikia, kuhusu huo usiku, bila kuyapunguza. Usilale peke yako. Asubuhi akusindikize hospitali, akae nawe kwenye benchi mpaka uitwe. Kisha niandikie, nataka kujua umefika.