Kibonde mpaka leo?
Bro unauliza kwanini watu wanabishana mpaka leo kuhusu yule mtangazaji wa redio marehemu Ephraim Kibonde, kwa kifupi jamaa alikuwa na mdomo. Kipindi chake cha Jahazi cha Clouds FM jioni huku Mtwara kilikuwa kinasikilizwa gengeni kabisa, mi nakumbuka pale Mikindani muuza pweza anaongeza sauti, mzee wa jirani anasusa anahama benchi eti huyu anatuchamba sisi wanyonge, kesho yake yuleyule mzee kawahi kiti cha mbele na kahawa yake 😂. Hakuwa mtu wa kumsikiliza nusunusu, ama unacheka ama unanuna, na akiwa na mtangazaji mwenzake Gardner ndo balaa kabisa maana mmoja anarusha dongo mwingine anapigilia. Kuna siku alizidisha, hilo tusidanganyane. Ila u-MC wake ulikuwa levo nyingine, hata msiba wa Ruge Mutahaba, bosi wa Clouds, kule Bukoba alishika maiki yeye, akaanza kuumwa hukohuko, tarehe 7 Machi 2019 akafia Mwanza, siku chache tu baada ya kumzika bosi wake. Siku hiyo yule mzee hakugusa hata kahawa.