Gari kukwaruza ukikanyaga mafuta: piga resi kwanza likiwa limesimama
Kaka, pole. Umesema gari lako la otomatiki, linalovutwa na tairi za mbele, linakwaruza ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia. Tafadhali usikubali gia boksi ifunguliwe kabla ya hili: weka N, vuta hendibreki, piga resi. Likikwaruza hapo hapo, chungulia bati la kukinga joto la ekzosti. Boliti zake zikilegea, bati hugonga bomba, na kibano kinatosha kulishika.

Likiwa kimya, tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho, ondoka taratibu. Ukisikia ka-ka-ka, ni jointi ya nje (upande wa tairi) ya shafti, ile ekseli inayozungusha tairi la mbele. Ikiwa gari linatetemeka barabara iliyonyooka kila ukiongeza mafuta, shuku jointi ya ndani, upande wa gia boksi. Kagua raba zinazofunika jointi hizo: raba ikichanika grisi inatoka, mchanga unaingia, chuma kinasaga chuma. Ikishafikia kukwaruza, grisi mpya haisaidii. Mimi niliipaka, nikapata wiki tatu tu. Badilisha jointi.

Mvumo unaopanda na mwendo hata ukiachia mafuta mara nyingi ni beringi ya tairi. Pima pia oili ya gia boksi.

Safari ndefu ziahirishe kwanza. Jointi ikikatika, gari halisogei tena.