Rejuleta inayokula betri kifaa kikiwa kimelala

Betri ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka hadi volti 3.0 hivi. Chipu ya kifaa chako inataka volti 3.3 zisizoyumba, na kazi ya rejuleta ni kushusha volti za betri na kuzituliza hapo. Nafasi ya kuchezea hapo ni finyu mno, ndiyo maana uchaguzi wa rejuleta haufai kufanywa kwa kuangalia tu ampia zilizoandikwa kwenye tangazo.

Chukua rejuleta ya AMS1117-3.3, ambayo imejaa kwenye bodi za majaribio. Mzigo ukiwa mkubwa, inahitaji volti zinazoingia zizidi zinazotoka kwa takriban 1.1. Jumlisha: 3.3 na 1.1 ni 4.4. Hata betri iliyojaa pomoni haifiki hapo! Rejuleta haitazima, itatoa volti pungufu zinazoteremka pamoja na betri, na waifai ikiwaka tu chipu inajiwasha upya. Wengi hapo huanza kulaumu programu.

Rejuleta ya MCP1700 inatosheka na pengo la volti 0.18 hivi kwenye miliampia 250. Ndani yake kuna MOSFET, aina ya transista, ambayo, volti zikibana, hufanya kazi kama risista, kwa hiyo mzigo ukipungua pengo nalo hupungua. Kwenye miliampia 50 unabaki na volti 0.04 tu, na betri inaweza kushuka hadi karibu 3.34 kabla kifaa hakijahisi chochote.

Lakini kwa kifaa kinacholala muda mwingi, jambo zito zaidi ni umeme ambao rejuleta inajilia yenyewe. AMS1117 hula takriban miliampia 5 mchana na usiku. Betri ya mAh (miliampia-saa) 2000 itakauka kwa saa 400, yaani siku 16 na ushei, hata kama sensa haijasoma kitu. MCP1700 hula mikroampia 1.6. Kwa kiwango hicho betri itazeeka kabla rejuleta haijaimaliza.

Ubaya wake ni kwamba inaishia miliampia 250, na chipu ya waifai ya ESP32 inashauriwa ipewe chanzo kinachoweza kutoa angalau 500. Hapo rejuleta ya AP2112K-3.3 inafaa: inabeba miliampia 600 na yenyewe hula mikroampia 55. Usizidharau hizo 55, kwa mwaka ni karibu mAh 480, robo nzima ya betri ile. Zote mbili mwisho wake ni volti 6 za kuingia, kwa hiyo usizichomeke kwenye betri ya volti 9.

Kapasita weka za seramiki za mikrofaradi 1 au zaidi, upande wa kuingia na wa kutoka, zigusane kabisa na miguu ya rejuleta. Chagua seramiki za daraja la X7R au X5R, na zenye kiwango cha volti 10 kwenda juu, kwa sababu seramiki ndogo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikishapewa volti. Rejuleta za zamani zilibuniwa kwa kapasita za tantali; ukizipa seramiki tupu volti zinaweza kuanza kutetema. Kwa moduli ya waifai ongeza mikrofaradi 100 hadi 470 kando yake.

Angalia pia miguu. MCP1700 yenye umbo la TO-92, ukiitazama ubapa wake, ni hasi, kuingia, kutoka. 78L05, rejuleta nyingine yenye umbo lilelile, ni kutoka, hasi, kuingia. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuangalia, unaunguza.

Kupima, katiza waya chanya wa betri na uiweke multimita katikati, ikiwa kwenye mikroampia. Kifaa kikiamka, ukinzani wa multimita utaangusha volti na kitajiwasha upya bila kikomo. Dawa ni kuunganisha ncha mbili za multimita kwa waya wenye klipu, uache kifaa kiwake na kulala, ndipo uondoe waya na kusoma. Namba ikizidi hesabu yako, ng'oa taa ya LED ya bodi, kisha tazama risista za kupimia betri: mbili za kiloohmu 100 hula hadi mikroampia 21 muda wote. Weka za megaohmu 1, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye mguu wa chipu unaosoma volti za betri.