Programu ipi nichambulie data za eksirei?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili pale Mlimani. Nachunguza kaolini (udongo mweupe) ya Pugu iliyochomwa, kama inafaa kuchanganywa kwenye saruji. Sampuli zilipimwa kwa eksirei nje ya nchi, nami nimetumiwa faili za pembe ndogo na za pembe kubwa. Rafiki yangu ana programu ya kulipia iliyokrakiwa, anasema inafanya yote. Niichukue?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiichukue. Mtahini atataka kujua namba zako umezipataje, na programu ya wizi hutathubutu kuitaja kwenye tasnifu. Za bure zipo, tena nzuri, na kompyuta yako ya kawaida inazimudu.

Kwa pembe kubwa, zinazoonyesha fuwele zilizomo, tumia Profex, au GSAS-II ya maabara ya Argonne, Marekani. Kwa eksirei inayotolewa na shaba, grafu ya kaolini mbichi hutoa kilele karibu na pembe ya nyuzi 12.4. Ikiiva tanuruni kilele hicho hutoweka, kinabaki kimlima kipana, huku kwatzi (madini ya mchanga) imesimama palepale kwenye 26.6. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Programu itagawa asilimia mia kwa fuwele inazoziona tu, na metakaolini, yaani kaolini iliyoiva isiyo na fuwele, ambayo ndiyo hasa unayoitafuta, haimo kabisa kwenye hesabu! Uliza kama walichanganya korundi (fuwele ya oksidi ya alumini) ya kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli. Kwa korundi hiyo utakokotoa sehemu isiyo na fuwele. Kama hawakuchanganya, waandikie leo, kabla hawajatupa mabaki.

Pembe ndogo, zinazoonyesha ukubwa na umbo la chembe: ikiwa umeletewa picha za ditekta (kinasa eksirei), programu ya pyFAI ya ESRF, maabara ya eksirei ya Grenoble, Ufaransa, itazigeuza kuwa mchirizo mmoja wa grafu. Omba na picha ya silva behenati, unga wa kusahihishia vipimo, ambayo tabaka zake zimeachana nanomita 5.838, na kwa picha hiyo utahakikisha umbali wa ditekta. Omba pia kipimo cha kishikio kitupu, kisicho na sampuli, ukitoe kwenye data zako. Kisha ingia SasView, programu ya bure ya kukadiria chembe hizo, lakini angalia vizio: pyFAI kwa kawaida huandika kwa nanomita, SasView hutarajia angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita). Ukipitiwa, chembe ya nanomita 50 itasomeka 5, na grafu itapendeza vilevile. Halafu umbo. Kaolini ni vibamba. Ukiiambia SasView ni tufe, itakupa nusukipenyo bila kulalamika, nawe utakiamini. Chagua umbo uliloliona kwa hadubini ya elektroni.

Programu nyingine ya pembe ndogo, ATSAS, iache, imeundwa Hamburg kwa ajili ya protini na jamaa zake. Irena nayo ni bure, ila huendeshwa ndani ya programu ya Igor Pro, na hiyo inauzwa.

Anza na faili moja ya kaolini mbichi. Usipokiona kilele cha 12.4, tazama kwanza urefu wa wimbi waliotumia: wa shaba ni angstromu 1.5406, na ukiwa mwingine vilele vyote vitahama.